Maji Chini ya Kinyonga

Kwako Mama, uliyezikwa Sake ilhali mashamba yako yako Ngungu,

Miezi miwili baada ya mazishi yako, leo nimekiri kwamba katika ubishi wetu wa mwisho wewe ndiwe uliyesema kweli. Ubishi wenyewe haukuhusu ardhi wala ndoa. Ulihusu namna maji yanavyopaswa kutoka chini ya sanduku la kinyonga.

Unakumbuka siku nilipomleta kinyonga huyo. Wachoma makaa walikuwa wameangusha mti msituni, na mwalimu mwenzangu akamkuta jike huyo ameng'ang'ania tawi lililokwisha lala chini. Nilikueleza kwamba nitamtunza hadi atage, mayai yaanguliwe, kisha wote warudishwe kwenye miti iliyosalia. Ulisimama kizingitini, ukakataa kuingia.

"Mutoto yangu, ile nyama iko na macho mbili, na kila moja iko na kazi yake," ulisema. "Moja inaangalia mwenye atakufa. Ingine inaangalia mwenye atabakia. Na mu hii nyumba tuko wawili tu."

Nilicheka. Wewe hukucheka. Hata hivyo, siku nilizochelewa kurudi kutoka darasani nilikuta majani yake yamekwisha nyunyiziwa maji, na ukuta wa pembeni umelowa vilevile, kwa sababu ulikuwa ukinyunyiza huku umegeuza uso.

Nilipomjengea makao ya kudumu, ulikaa uani ukichambua maharage na kunikagua. Nilikuwa nimepanga kila tabaka. Chini kabisa, beseni la bati lenye tundu pembeni na kipande cha tiyo, bomba la mpira, kinachoshuka hadi kwenye ndoo. Juu yake, mawe mepesi ya volkano, ambayo hapa kwetu hakuna anayeyakosa. Juu ya mawe, kipande cha chandarua, ili udongo usidondokee kati yake. Kisha mchanga, na mwishowe udongo mweusi uliochanganywa na majani yaliyooza, nilimopanda mche wa mtini na mimea ya kivulini. Hatimaye nikachukua nivo ya mwashi, ile yenye tone la hewa ndani ya maji, nikahakikisha kwamba sanduku limelala sawasawa pande zote.

"Papa Profesa," uliniita, nami nikajua dhihaka inakuja. "Unajenga nyumba ya nyama ao unajenga kanisa?"

"Najenga vizuri, Mama."

"Maji haijuake nivo. Maji inajua kushuka tu. Inamisha kidogo, ifuate tundu."

Nilikujibu kwa lugha ya ubao na chaki: nafasi kati ya mawe inatosha, maji yatalifikia tundu yenyewe. Wewe ulikuwa umechimba mifereji ya viazi maisha yako yote kwenye miteremko ya Ngungu, ambako hakuna shamba lililolala sawa. Mimi nikakufundisha maji.

Kisha ukaugua. Siku ya kwanza uliyoshindwa kuinuka kitandani, hukuniuliza habari za dawa.

"Ulishainamisha ile kitu?"

"Ee, Mama. Nilishainamisha."

Ulifumba macho, ukaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepokea taarifa njema. Nami nilikuwa sijainamisha chochote. Nilisema hivyo ili tusibishane tena, nikajiambia kwamba ni jambo dogo. Wanafunzi wangu huwa ninawaambia kwamba kipimo kilichobuniwa ni kibaya kuliko kipimo kilichokosekana. Wewe nilikupa kilichobuniwa.

Juzi jike alishuka udongoni. Tumbo lake limejaa mayai, na wakati wake umefika. Alichagua pembe iliyo mbali na tundu, chini ya mtini, akachimba kwa mikono yake ile kama koleo ndogo. Shimo likajaa maji. Akapanda juu. Jana akajaribu mahali pengine, na maji yakamkuta hukohuko. Kinyonga asiyepata udongo wa kutagia hubaki na mayai tumboni hadi yamuue, na macho yake yamekwisha anza kuzama.

Leo asubuhi nilimhamishia kwenye kichaka cha uani, nikabomoa kila kitu. Ndani ya beseni mlikuwa na maji meusi ya kina cha vidole viwili, yenye harufu ya yai viza. Chandarua kilikuwa kimezibwa na tope. Nikaosha mawe moja moja, nikakata chandarua kingine, nikatupa udongo uliolowa na kuweka mpya, kisha nikainua upande mmoja wa sanduku kwa kipande cha tofali. Mkono wangu ulikwenda kwenye nivo, nikaurudisha. Nikamimina kikombe cha maji kwenye pembe ya mbali. Yakasikika ndooni kabla sijaweka kikombe chini.

Siamini kwamba jicho lolote lilikuchagua. Kinachonisumbua ni kingine, nami sina chombo cha kukipimia: kama uliniamini siku ile. Ulinijua tangu sijaweza kusema neno. Huenda uliitikia kwa kichwa kwa kunihurumia tu.

Saa moja iliyopita jike alishuka tena, akaanza kuchimba. Akiona anaangaliwa, ataacha shimo, na sidhani kama ana nguvu za kuanza jingine. Kwa hiyo nimefunika sanduku kwa kitenge chako cha buluu, jambo ambalo ungekuwa hai usingeliruhusu, na nimegeuza kiti. Mimi ninayeandika kila dakika ya mnyama, leo sina haki ya kutazama. Nilikuwa nikisikia udongo ukikwaruzwa nyuma yangu, na nilikuwa nikiandika kwa kuufuata mkwaruzo huo.

Sasa mkwaruzo umenyamaza. Kinyonga hunyamaza anapotaga; hunyamaza vilevile anapokata tamaa. Sigeuki, Mama.

Upumzike kwenye udongo usiotuama maji.

Ni mimi, mwanao wa mwisho.