Anti, Fomu Yangu Haihesabu Watu

Anti yangu mpendwa,

Sikuulizi hali, maana najua ungenijibu kwa swali lako la kila siku: "Umekula?" Nimekula. Nimekula wali na omena, na dagaa hizo bado zinanishinda kupika. Beryl wako amenipigia simu mara mbili kunielekeza na mara zote mbili nimeziunguza. Kwa hiyo usijisumbue huko uliko, mambo ni yale yale.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo ilikuwa lugha ya nyumba yako pale Nyamasaria. Wewe Mluhya wa Luanda, Baba mdogo Mjaluo ambaye Kiluhya chake kiliishia kwenye salamu ya "mulembe", na Kijaluo chako wewe kilitosha kununua mchele Ahero na kugombana na wauza samaki, basi. Ya moyoni yote uliyasema kwa Kiswahili, na ukikasirika kilikuwa Kiswahili safi kuliko cha mwalimu wetu.

Kazi yangu unaikumbuka, ingawa hukuielewa hata siku moja. Uliwaambia wenzako kanisani kwamba Adhiambo anatengeneza kompyuta, wakaanza kuniletea redio mbovu na pasi. Mimi natengeneza tovuti, Anti, zile kurasa mtu anazifungua kwa simu akajaza jina lake na mambo yake. Ukisikia mtu anajaza fomu ya kuomba kazi bila karatasi, kuna mtu kama mimi aliyekaa mahali akiipanga. Lugha tunayotumia kuifanya fomu iamke na kutii inaitwa JavaScript. Hiyo unaweza kuisahau, hata mimi kuna siku natamani kuisahau.

Mwaka huu nilipata kazi kwa watu wako. Unamkumbuka Mama Pamela wa Ahero, uliyekuwa ukinunua mchele kwake na kumlalamikia mawe? Sasa ndiye kiongozi wa akina mama wa kijiji chao. Alinipigia simu akasema, "Wewe si ndio ule msichana wa Mama Ouma, wa makompyuta? Kuja. Tuko na shida."

Shida ni ile ya kila mwaka. Mto ukivunja kingo, watu wanakimbilia shule ya msingi iliyo juu kidogo. Mara ya mwisho kuna mtoto alikosekana siku nzima na hakuna aliyemtafuta, kwa sababu alikuwa mgeni kwa shangazi yake na kila mtu alidhani amesharudi kwao. Walimpata jioni juu ya paa la jirani, mzima, anatafuna muwa wa watu. Walicheka, lakini walishtuka. Wakataka orodha inayofunguka kwenye simu: kila nyumba, nani analala humo, nani anatembea mwenyewe, nani wa kubebwa, nani anatumia dawa gani. Ilikuwa lazima iwe tayari kabla ya mvua za masika. Mtu asipokuwa ndani ya orodha, wenye mashua hawatajua kama yupo.

Basi nikaenda kanisani kwao na fomu yangu ya kwanza, nikiwa nimejaa maringo. Swali la kwanza kabisa lilikuwa: nyumba hii ina watu wangapi? Ukiandika watano, fomu inakuchorea nafasi tano. Mimi niliona nimefanya jambo la maana sana.

Mama mmoja mzee, wajukuu wamemzunguka hadi miguuni, aliandika moja.

"Mama, hii nyumba iko na mtu mmoja tu?" nikamuuliza.

"Andika tu hivyo."

"Na hawa wote?"

"Hawa si unawaona? Kwani ni mbuzi ndio nihesabu?"

Aliyemfuata aliandika wawili, akataja majina mpaka nafasi zikamwishia. Aliporudi juu kubadilisha ile namba, fomu yangu ilifuta kila alichoandika na kumchorea nafasi mpya, tupu. Alinirudishia simu kwa vidole viwili, akawageukia wenzake. "Hii kitu imemeza watoto wangu," akasema. Nilikaa kwenye benchi la kanisa lao nikainama, na nikakuona wewe.

Nilikuona jioni ile niliyoletwa kwako, nina miaka saba na mfuko wa plastiki wenye nguo. Nilisimama karibu na mlango. Wewe ulikuwa unapakua, na hukuhesabu sahani, uliita watu. "Ouma." Sahani. "Beryl." Sahani. Kila baada ya jina ulijiuliza mwenyewe, "Nani mwingine?" Nilijua hakuna mwingine. Nilijua sufuria ilipimwa kabla sijafika, na nilikuwa nimeshaanza kujizoesha njaa. Ukasema "Adhiambo" kwa sauti ile ile, bila hata kugeuka, halafu ndiyo ukamwita Vinny, mtoto wa jirani aliyekuja kula siku moja akakaa miaka kumi na mbili. Hukuniweka mwisho. Mgeni huwekwa mwisho, hata mtoto wa miaka saba analijua hilo. Sijawahi kukwambia kwamba nililia ndani ya ile sahani, na ukadhani ni pilipili.

Baba mdogo aliwahi kukuuliza leo watoto ni wangapi mezani, ukamkata jicho. "Mtoto anaitwa, hahesabiwi," ukamwambia. Mimi niliyekua ndani ya nyumba hiyo nikaenda Ahero na swali la wangapi. Shule zilinisomesha mpaka nikawa mjinga.

Nililitoa swali lile hapo hapo, kwenye benchi. Mahali pake niliweka kitufe kimoja chenye maneno yako: Nani mwingine? Ndani ya fomu nimeficha kipande kimoja kitupu, chenye nafasi ya jina, umri, kutembea na dawa. Kila ukibonyeza, JavaScript inakinakili kile kipande na kukiweka chini ya mwenzake. Hakuna anayekuuliza idadi, wala kilichoandikwa juu hakifutiki. Yule mama mzee alikibonyeza akaandika jina, akabonyeza tena, akabonyeza tena, huku akiwaita kwa sauti, na wale wajukuu wakiitika mmoja mmoja kana kwamba chakula kimeiva. Ilifika mahali nikaogopea simu yake.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini unajua mimi, nikisifiwa tu lazima nimwage kitu.

Wiki iliyofuata mama mwingine alitaka kumtoa binti yake aliyeolewa na kuhamia Sondu. Kitufe cha Ondoa kilikuwepo, akakibonyeza, binti akatoka. Mama Pamela akachukua simu kuwasomea wengine nyumba hiyo ilivyo. Akafika kwa babu wa nyumba, Mzee Okelo, ambaye alikuwa ameketi pale pale na kofia yake.

"Mzee Okelo," akasoma. "Ananyonya. Abebwe mgongoni na mama yake."

Kanisa zima liliangua kicheko. Mzee mwenyewe alivua kofia, akafikiri, akasema, "Mama yangu alikufa kitambo. Nani mwingine amejitolea?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Nami nilikuwa nacheka, Anti, siwezi kukudanganya. Ni Mama Pamela peke yake aliyekuwa bado anasoma. Alirudi juu kwa jina alilolipita haraka, la mtoto mchanga wa nyumba hiyo, akasoma hali yake: anatembea mwenyewe, anajua kuogelea. Akaiweka simu chini.

"Adhiambo," akasema, "maji ikikuja, huyu mtoto nani atambeba?"

Kosa lilikuwa langu na lilikuwa la kivivu. Majina ya watu nilikuwa nimeyaweka kwenye orodha moja na hali zao kwenye orodha nyingine, nikayafananisha kwa foleni tu: jina la tatu na hali ya tatu, la nne na ya nne. Binti alipotoka, majina yalisogea juu hatua moja na hali zikabaki zilipokuwa. Kila mtu akarithi mambo ya aliyekuwa mbele yake. Niliona aibu kubwa, ile aibu ya kutaka uwepo unigombeze ili iishe.

Nilichokumbuka katika safari ile ya kurudi mjini ni misumari yako nyuma ya mlango. Kila mtoto na msumari wake wa sweta na mkoba. Ouma alipokwenda shule ya bweni, Beryl aliutamani msumari wake kwa kuwa ulikuwa karibu na dirisha, akahamisha vitu vyake kimyakimya, nami nikahamia kwa Beryl, Vinny akahamia kwangu. Asubuhi kwa mazoea nikavuta kilichoning'inia kwenye msumari wangu wa zamani, nikaenda shule na mkoba wa Vinny, na daftari zake zilizojaa michoro ya magari. Ulipojua, ulituamrisha turudishe kila kitu. "Huo ni wa Ouma," ulisema. "Hata akae huko mpaka aote ndevu. Akitoka mtu, kwani nyinyi wengine mnakuwa watu wengine?"

Ndivyo nilivyoifanya fomu upya. Sasa kila mtu akiongezwa anapewa alama yake mwenyewe, isiyotegemea yuko wa ngapi kwenye foleni, na jina, umri, dawa, miguu, vyote vinaning'inia kwenye alama hiyo. Akitoka, anatoka na vyake. Hakuna kinachosogea. Ni mistari michache tu, na ningeiandika tangu mwanzo kama ningekuwa na akili za nyumba niliyolelewa.

Jumamosi iliyopita walifanya zoezi pale shuleni, jua linawaka. Mama Pamela aliita nyumba moja moja kutoka kwenye simu na watu wakaitika. Wa kubebwa walibebwa kweli, na Mzee Okelo akakataa mabega ya vijana akadai mama yake. Walioitwa wote walikuwepo, na waliokuwepo wote waliitwa. Nilisimama pembeni na soda ya moto mkononi nikajisikia mtu mkubwa sana. Mvua zikija, kila mtoto wa kijiji kile anajulikana analala wapi na nani wa kumbeba.

Lakini kuna jambo nimeliruka, la siku moja kabla ya zoezi. Hili sijamwambia hata Beryl.

Ili kujaribu fomu, lazima uandike watu wa kubuni. Wenzangu ofisini huandika upuuzi wowote. Mimi, tangu fomu yangu ya kwanza kabisa, huandika nyumba yetu. Nikifika kwenye jina la kwanza vidole vinaandika Rose, jina lako, kabla sijafikiri. Tulikuzika mwaka juzi, na bado nimekuandika kwenye fomu za kliniki, za shule, za kuagiza keki. Kila mahali wewe ndiye wa kwanza.

Mama Pamela alikuja mjini kuikagua kazi. Siku hizi haniamini kirahisi, na ana haki. Akanikalia kando, nikamwonyesha namna ya kumwondoa mtu. Nikamtoa Vinny, wa mwisho. Wengine wakabaki salama.

"Huyo wa mwisho ni rahisi," akasema. "Nyuma yake kuna nani wa kuharibika? Toa wa juu kabisa nione."

Kidole kilikataa. Alitazama kioo, akasoma jina. Halafu akasema taratibu, "Ni Mama Ouma?"

"Ni yeye."

"Nyathina," akaniambia, mwanangu kwa Kijaluo, "usipojaribu huyo, hatutajua."

Nitakwambia kilichokuwa moyoni mwangu. Tangu tukuzike nimekuwa na hofu moja, na si ya fomu. Mimi si wa tumbo lako, Vinny si hata wa ukoo, Ouma na Beryl ni wako wa kuzaa. Aliyetufanya watu wa nyumba moja ni wewe kutuita. Nilidhani ukishatoka tutasambaratika polepole, bila ugomvi, kila mtu ashike njia yake na nibaki tena karibu na mlango na mfuko wangu.

Nikabonyeza Ondoa. Ukatoka, kimya kabisa, hakuna hata kilichotikisika. Mama Pamela akavuta kioo chini kwa kidole chake akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma Biblia. Baba mdogo, dawa za presha. Ouma, anajua kuogelea. Beryl, dawa ya pumu. Adhiambo, anatembea mwenyewe. Nikamrudisha Vinny kwa kitufe cha Nani mwingine, nikamwandika upya: Vinny, anaogopa maji.

"Wako wote," akasema.

Wote tuko, Mama.

Mwanao,
Adhiambo