Mlango wa Banda la Kuku na Kiitaliano Chako

Kuka,

Mlango wa banda la kuku ulibaki vile ulivyouacha, umeegemezwa jiwe. Naanza na huo mlango kwa sababu ndio ulionitia aibu, na nafikiri ungesikia yote ungecheka mpaka kofia ianguke.

Unakumbuka Senje Rose, binti yako, alivyopenda kusema: "Baba anajitungia hicho Kiitaliano. Nani hapa atajua?" Wewe ulipuliza chai yako, ukanywa. Lakini tangu tukuzike, maneno hayo yamenifuata mpaka kwenye kipindi cha hesabu. Je, kama ni kweli? Unamjua mjukuu wako. Niko kidato cha tatu na siwezi kuomba chumvi mezani bila kwanza kufanya mazoezi kimoyomoyo. Lugha pekee niliyowahi kuisema kwa sauti bila kutetemeka ni ile uliyonifundisha kwenye benchi nje ya jiko, na sikuwa na njia ya kujua kama ipo duniani.

Tena ulinifundisha upande mmoja tu: kusema nia. Hatukuanza na salamu, wala kuhesabu, wala majina ya matunda. Ulisema mtu akishaelewa unataka kufanya nini, hakufukuzi. Per, ukifanya jambo kwa lengo lako mwenyewe. Affinché, ukilifanya ili mwingine naye afanye lake, na hapo kitenzi cha huyo mwingine hubadilika mwishoni, kama chetu baada ya "ili". Mfano wako ulikuwa uleule kila jioni: Aggiusto la porta affinché le galline non escano. Natengeneza mlango ili kuku wasitoke. Ulikuwa unautaja huku unautazama mlango wenyewe, halafu unaomba chai nyingine.

Basi Jumapili alikuja Padre Gino, yule uliyemfanyia kazi misheni. Amezeeka, anatembea na fimbo. Ulipofariki alikuwa kwao Italia, ndiyo maana mazishi yalimpita. Kukhu, mkeo, alipomwona tu akaagiza kuku achinjwe. Senje akaliondoa lile jiwe, na kuku wote wakatoka kwa pamoja kama wanafunzi kengele ikilia. Kukhu akaingia kwenye mahindi, Senje akapitia kwa jirani, na watoto wote wakawafuata. Sebuleni tukabaki wawili, mimi na Padre.

Tukatazamana. Nilijua mtihani ndio huu. Nikatafuta salamu kichwani, nikakuta hukuniachia hata moja. Nikasimama, nikafunga mikono nyuma kama ninasoma shairi, nikatoa sentensi pekee niliyokuwa nayo ya kumwambia mgeni:

"A che scopo è venuto?"

Amekuja kwa kusudi gani. Ilipokwisha kutoka ndipo nikakumbuka niko nyumba ya nani. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala. Hata mtu akija kusema jikoni kwako kunaungua, Kukhu angempa kiti na uji kwanza. Na mimi nimemuuliza padre mzee, aliyekuja kukulilia, huku kuku wake bado anakimbizwa.

Padre ameishi hapa miaka mingi, hiyo desturi anaijua kuliko mimi. Aliinua uso, akanitazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Sono venuto per mangiare," akajibu. Nimekuja kula. Akaelekeza fimbo dirishani, ambako Senje alikuwa anapita mbio na kiatu kimoja. "Se la prendono." Wakimkamata.

Alinielewa, Kuka. Nami nilimwelewa. Lugha yako ipo.

Senje aliporudi na kuku kwapani na majani kichwani, alitukuta tunacheka, mimi machozi yananitoka. Padre akamweleza nilichouliza.

"Wewe mtoto. Umemuuliza hivyo na hajaonja hata maji?" Halafu akasimama pale pale. "Kwa hivyo Kiitaliano cha Baba kilikuwa cha kweli?"

"Cha kweli kabisa," Padre akasema. "Kazi ndiyo haikuwa ya kweli. Kila asubuhi nilimuuliza kuhusu lile geti la misheni, na kila asubuhi aliniambia ana nia ya kulitengeneza. Sarufi safi. Ningemfukuza vipi?"

Senje akaketi chini na kuku wake, akacheka mpaka ikageuka kilio. Hakuwa amelia tangu mazishi. Yule kuku alitulia kabisa, nafikiri kwa mshangao.

Mezani Kukhu akaitenga firigisi kwenye sahani yako, kwa mazoea. Wote tukaitazama. Kisha akaisogeza sahani mbele ya Padre, naye akaila polepole.

Zile bawaba ulizonunua mjini nilizipata ndani ya mkebe wa majani chai, bado zimefungwa kwenye gazeti. Jana nimezipigilia. Mlango umepinda, na Senje anasema unafanana na mlevi aliyeegemea ukuta, lakini kuku wamelala ndani. Nilipotaka kukuambia hivyo kwa Kiitaliano, nikafungua kitabu chako cha sarufi penye wakati uliopita. Kuka, kurasa zile bado zimeshikana. Hakuna aliyewahi kuzifungua. Nilizitenganisha kwa kisu cha mboga.

Ho aggiustato la porta. Nimetengeneza mlango. Affinché le galline non escano. Hiyo sehemu ni yako, sikuigusa.

Naahidi kuzisoma zote, ingawa wewe uliziruka. Nazihitaji sasa, kwa sababu kwenye wakati uliopita ndiko ulikohamia. Na Padre akirudi, naahidi nitampa kiti, nitampa chakula, na nitamsalimia kwa sauti kabla ya kumuuliza chochote.

Pumzika, Kuka. Geti la misheni Padre anasema amekusamehe.

Mjukuu wako,
Nafula