Ghala la Mawese Limekuwa Nyumba ya Mama

Simbo,
Kigoma.
12 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Frida,

Salamu zangu zikukute mzima huko Mtwara, wewe, shemeji na watoto. Kile kifua kimekuachia? Na joto la huko mmelizoea? Sisi huku hatujambo. Mvua zinanyesha, maharage yamechanua, na dagaa wa Kibirizi ni tele. Mama mzima, tena mzima kuliko ulivyomwacha.

Sasa kaa vizuri. Lile ghala la marehemu Baba, ambalo ulisema mtu akilala humo ataamka amekaangwa, limekuwa nyumba! Nyumba kweli, si maneno. Nimeshinda, mdogo wangu, na leo utanivumilia nijisifu.

Unajua kilichonisukuma. Tangu ziwa lilipopanda likaingia nyumba ya Mama pale Katonga, amekuwa mtu wa kuhamahama, mara kwa Kaka Dismasi, mara kwangu. Hakuna aliyemnyima chakula. Lakini mama yetu alikuwa anaomba ruhusa hata ya kuteleka maji ya kuoga, na mimi roho iliniuma. Nilitaka azeekee kwake.

Kaka alitaka ghala libomolewe, matofali yajenge fremu za maduka kando ya barabara. Nikamsihi aniache nijaribu kwanza. Fundi Pastory akaja, akapiga lipu ya kupendeza macho. Wiki haikuisha, ikabanduka yote kama ukoko! Tulisahau kwamba Baba aliweka mapipa ya mawese humo miaka na miaka, kuta zimekunywa mafuta mpaka ndani. Kaka alicheka hadi akashika mbavu, kisha akasema lipu ikianguka tena anabomoa. Nililia, sikufichi.

Baadaye nikajicheka mwenyewe. Mimi Winfrida, ninayepika sabuni ya mawese tangu usichana wangu, nishindwe na mawese? Nikachoma maganda ya ndizi, nikachuja maji ya majivu yake, nikayachemsha. Tukayamwaga ukutani yakiwa ya moto na kusugua kwa fagio. Frida, ukuta ulitoa povu! Mafuta yaligeuka sabuni palepale, yakatiririka hadi uani. Jirani yetu Spesiosa akatoka mbio na mashuka yake, eti sabuni ya bure isimpite. Tukasuuza, tukarudia, tukarudia tena, mpaka povu likakoma na tofali likabaki jekundu na kavu. Pastory akapiga lipu upya. Hiyo ya sasa, hata uigonge na nyundo, haikusikii.

Ungeiona! Sakafu ni vigae vitupu, choo na bafu viko ndani, na umeme umewaka. Ule mlango mpana wa kuingizia mapipa nimeufanya dirisha la kioo la sebuleni, na Mama hukaa hapo akijua kila anayepita njiani, na anayekwenda kwa nani. Paa nimeliacha juu vilevile, ndani kuna hewa hata mchana wa jua kali. Mimi nina chumba cha nyuma. Ndiyo, sasa mimi ndiye mpangaji.

Jumapili iliyopita Kaka alikuja baada ya misa. Akaingia moja kwa moja na viatu vyake vya matope, anaelekea kwenye kochi. Mama hakunyanyuka. Akamwambia tu, "Mwana wanje, mwanangu, hapa ni kwangu. Vua viatu kwanza, ndipo ukae." Kaka, na ukubwa wake wote, akainama akafungua kamba. Nikakimbilia jikoni kulia, safari hii kwa furaha.

Kaka anakusalimu, ingawa siku hizi ananisifia mbele za watu kana kwamba wazo lilikuwa lake. Spesiosa naye anakusalimu sana. Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape afya na riziki.

Mama amesema Pasaka uje na watoto, na ufikie kwake. Kwake, Frida.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Winfrida