Leo Hakuna Shikamoo

Nyumba ya Bati Jekundu,
Nyuma ya Karakana ya Viti.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa pacha wangu,

Usihangaike kuitafuta shikamoo, leo sikuiweka. Sababu utaijua ukitulia. Kwanza, hujambo? Goti limepoa? Meno mapya yanatafuna, au bado yanakaa kwenye glasi yakikucheka? Huku sote wazima. Wifi yako anakohoa kidogo, lakini ulimi uko salama.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba kuanzia mwezi ujao fundi wa sola asiye na cheti hapandi paa la mtu. Miaka kumi na tisa nafunga paneli, leo niambiwe nibaki chini nishike ngazi. Nikajiandikisha darasani. Wewe ukajibu, na barua ninayo, kwamba siku nitakayofaulu mtihani wowote utaniamkia, ingawa ulinitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi na moja, ambazo umenitawala nazo miaka sitini na nane.

Darasa lenyewe lina vituko. Maabara iko ng'ambo huko, tunaiendesha kwa mtandao. Sisi tumekaa na kompyuta sita na feni moja mbovu. Ukibonyeza, paneli ya kule inainama kweli, chini ya taa kubwa inayojifanya jua, na umeme wake unausoma hapa kwenye kioo cha kompyuta. Wiki ya kwanza nilidhani ni sinema.

Mtihani ulikuwa kuigeuza paneli mpaka itoe umeme wake wote. Niliitwa wa kwanza, kwa heshima ya mvi. Nikainamisha, nikainua, wapi. Kila pembe, theluthi moja haipo. Mwalimu wetu, binti ambaye ngazi yangu imemzidi umri, akasogea.

"Babu, umekosea pembe. Jaribu mara moja tu, la sivyo nakuandikia sifuri."

"Pembe haina kosa, mwalimu. Paneli hiyo ina mafungu matatu; ukiziba hata kipande kidogo, fungu zima linalala, na moja limezibwa. Waambie wafute."

"Babu, ile ni maabara. Haina kunguru wa kuichafua."

"Basi ina watu."

Darasa zima likacheka. Akawaandikia wa kule, nadhani ili ninyamaze. Tukaona mkono unaingia, unapapasa ukingo wa chini, unabandua karatasi ya ukubwa wa kiganja. Jana yake walikuwa wamebandika namba ya mali ya ofisi juu ya kioo cha paneli. Umeme ukaruka mpaka juu. Waliokuwa wakicheka wakabaki na meno nje, hawana pa kuyaweka.

Nimefaulu, pacha. Cheti kiko sebuleni juu ya redio. Wifi yako amekifuta vumbi mara mbili, na vumbi hakina. Mwalimu sasa ananiita fundi. Keshokutwa napanda paa la zahanati, kihalali.

Nisalimie shemeji, binti yako mshonaji na wajukuu wote, hata yule aliyefanana nami kwa bahati mbaya. Mungu awape afya, na wewe akupe ujasiri wa kuandika neno moja. Liandike kwa herufi kubwa, macho yangu si mazuri. Nisikucheleweshe, jibu nimeshalitanguliza:

Marahaba.

Wako akupendaye kwa dakika zote kumi na moja,
Mdogo wako wa zamani.