Radhi ya Kificho Pandu

Mkunazini, Unguja
22 Juni 1957

Dada yangu mpenzi Mwamvua,

Shikamoo. Nnataraji barua hii itakukuta na afya yako, pamoja na shemeji Masoud na watoto wote, na kwamba lile goti lako lililokuwa likikusumbua wakati wa mvua limepata nafuu. Mimi huku mwili ni mzima, nnakula, kazini nnakwenda. Ila kukaa kitako pahala pamoja ndiko kulikonishinda. Hata barua hii nimeianza, nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi, nikainuka tena. Kwa hivyo ukiona mwandiko unabadilika njiani, usidhani nnaumwa.

Salamu zako alizozichukua yule jirani yenu zimenifika. Kanambia kuwa ulipopata khabari ya kufa Kificho Pandu uliinua mikono mbele ya watu, ukasema Mungu ameshamlipia ndugu yako, na kwamba ile nadhiri yako ya kutoikanyaga Unguja maadamu yule mtu yu hai sasa imekwisha. Dada, nnajua umesema hayo kwa kunipenda. Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama, na aliyenicheka mimi kakucheka wewe. Lakini nivumilie nikuhadithie yaliyotokea huku, kisha useme tena kama utataka.

Mwanzo wake wewe uliusikia kwa watu. Mimi mwenyewe sikupata kukusimulia, kwa haya. Kificho alikuja dirishani kwangu pale posta kununua stempu, kama mtu yeyote. Mbele yake alikuwapo bibi mmoja wa shamba, akiulizia barua ya mwanawe aliyekwenda ubaharia. Nikamjibu kama nisemavyo siku zote: kwa hakika, bibi, barua haijafika, na kwa hakika ikifika nitakuarifu. Nikajikohoza, nikaisukuma miwani juu kwa kidole, nikamwita anayefuatia. Kificho akanunua stempu yake, akanishukuru kwa adabu kabisa, akenda zake.

Wiki ile ile, jukwaani anapochekeshea watu, Kificho akatoa mtu mpya anayeitwa Bwana Kwahakika. Bega moja juu, moja chini. Anajikohoza kabla ya kutaja hata jina lake. Anaulizwa saa, anasema kwa hakika saa anayo, ila kwa hakika imesimama. Naambiwa watu walicheka hata wengine wakatoka nje kutafuta pumzi. Kisha akaingia redioni, na kila mkahawa wenye redio ukawa na Bwana Kwahakika wake. Haikuchukua muda watu wakajua amechukuliwa wapi. Wakawa wanakuja dirishani kwangu wasiotaka stempu wala barua. Wanataka tu nifungue mdomo.

Na ile posa ya Mwanakheir, uliyohangaika nayo wewe, nilikuandikia kuwa hatukuafikiana. Haikuwa hivyo. Ami alikaa vizuri mkekani, akaanza maneno yake kwa heshima, akasema kwa hakika kijana wetu ni mtu wa kazi. Ami hakukusudia kitu, na kwake ndiko nilikolitoa neno lile nami. Lakini nyuma ya pazia wanawake waliangua kicheko, na katika vicheko vile nilikisikia cha Mwanakheir. Baba yake aliona haya kuliko sisi, akatuomba turudi siku nyengine. Siku hiyo nyengine haikutajwa tena na mtu yeyote.

Sasa basi, Alkhamisi ile asubuhi nilikuwa kazini. Mteja mmoja kaja kutaka kusajili barua, akasema Kificho amefariki alfajiri nyumbani kwake Ng'ambo, kifua kimembana siku chache tu. Alipokwisha kusema akabaki ananitazama, kama anayengojea nitafanya nini. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nikaichukua barua yake, nikaugonga muhuri juu ya kidole changu mwenyewe.

Tulipofunga kwa chakula cha mchana sikuweza kwenda nyumbani. Nilikwenda Malindi, nikashuka Forodhani, nikapanda Vuga, nikarudi tena Malindi, juani, bila ya kuwa na shughuli hata moja huko. Kila kibaraza nilichokipita watu walikuwa wakiiga sauti zake, huyu sauti ya Mpemba mwenye punda, yule ya hakimu kiziwi, na macho yao yamejaa machozi. Nikitokeza mimi, sauti inakatika. Nikafika kwa rafiki yangu Nahodha, pale tunywapo kahawa toka ujana wetu. Nikapewa kikombe. Waliokuwapo wakaangalia vikombe vyao. Dada, hawakujua wanipe pole au wanipe hongera, na mimi kama wangeniuliza nisingeweza kuwaambia. Nikanywa kahawa yangu, nikaondoka.

Miguu ilinifikisha Darajani. Malori yalikuwa yakipakia watu kwenda Tunguu, kwao Kificho, ambako angezikwa karibu na babaake. Nilikuwa nimesimama tu natazama, na Nahodha, ambaye kumbe kanifuata nyuma, kapanda juu, akaninyooshea mkono. Nikaushika. Mpaka leo sijui nilikuwa nnakwenda kuzika au nnakwenda kuhakikisha kama kweli amekufa.

Njia nzima watu walikaa kimya kwa ajili yangu. Nilitamani waseme.

Tunguu tulikuta watu wameenea mpaka mashambani. Jeneza liliwekwa uwanjani mbele ya msikiti, maana ndani pasingetosha. Kabla ya kusaliwa alisimama nduguye mkubwa, Jaku, mkulima, mtu mfupi asiyefanana naye kwa lolote. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze kabisa ili wamsikie.

"Ndugu yangu alikuwa mtu wa maskhara," alisema. "Pengine wapo aliowaumiza kwa ulimi wake. Leo hawezi kuwaomba radhi mwenyewe, nnamwombea mimi. Mwenye kusamehe amsamehe."

Watu wakaitikia kuwa wamemsamehe. Kisha pakawa kimya, na kimya kile hakikwisha. Nikaona kichwa kimoja kinageuka kunitazama, kisha cha pili, kisha safu nzima. Jaku naye akanitazama. Hatujawahi kuonana, lakini alinijua, kwa kuwa nimesimama bega moja chini.

Mimi nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Nilijiambia kuwa kuja kwangu tu kunatosha, na radhi ni mali yangu, sitaitoa kwa kutazamwa. Lakini kimya kile kilinielemea, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nikajikohoza. Nikasema, "Kwa hakika..."

Safu ya nyuma mtu mmoja alicheka. Alijaribu kukizuia kicheko kwa kilemba chake, kikamponyoka. Akafuata mwengine. Wallahi dada, mbele ya jeneza, uwanja mzima ukacheka. Wazee waliinama wakishika matumbo. Sheikh aligeukia kibla, nikaona kanzu yake inatetema mgongoni. Jaku alijifunika uso kwa mikono yake miwili na sikuweza kujua anacheka au analia.

Siku zote nilipokuwa nikichekwa, nilikuwa nnaondoka na nusu ya sentensi yangu mdomoni. Siku ile sikuwa na pa kuondokea. Watu walikuwa mbele na nyuma. Nikasimama. Nikawangoja, kama ninavyowangoja watu pale dirishani watie saini. Kicheko kikapungua, kikageuka kuwa kilio, na waliolia zaidi ni wale wale waliocheka kwanza. Hapo ndipo nikaimaliza sentensi yangu. Nikasema nimemsamehe.

Nisikufiche, nilipolitamka neno lile sikuwa nimeliamua. Lilitoka kwa sababu lilikuwa ndilo linalofuatia. Tulimsalia, tukamzika, nami nikatia mchanga wangu kama wengine, na moyoni nikawa nnajiuliza kama radhi ya namna ile inahesabiwa.

Tulipokuwa tunaosha mikono Jaku akanijia. Akanambia mama yao, Bi Khamisa, amesikia kicheko kule nyumbani, akauliza kimechekwa nini msibani. Wakamweleza. Sasa ananitaka.

Nikaingizwa ndani. Bi Khamisa ni mtu mzima sana, macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho, haoni ila mwanga. Alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake, na Jaku alipobisha hodi kwa ajili yangu wakajifunika kanga. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniambia nikae karibu. Akanieleza kuwa mwanawe kila akija kumtazama alikuwa akiingia kwa sauti ile, anabisha hodi kwa sauti ile, anamuuliza kama kwa hakika amekula. Kisha akaniambia niseme. Nikamuuliza niseme nini. Akasema lolote.

Nikajikohoza, nikamwambia kwa hakika, bibi, nnakupa pole kwa msiba mkubwa uliokufika.

Akasikiliza kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayeonja mchuzi. Akatikisa kichwa.

"Siyo," akasema. "Mwanangu akiisema vizuri kuliko wewe."

Wanawake walijiziba vinywa kwa kanga. Na mimi, dada, nilicheka. Nilicheka mpaka miwani ikaniangukia mapajani, na Bi Khamisa naye akacheka huku machozi yanamtoka kwenye yale macho yasiyoona, akaupapasa mkono wangu akaushika. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka hivyo. Pengine ulikuwapo wewe, na mama alikuwa hai.

Nilifikiri baada ya siku ile nitatulia. Sikutulia. Nnarudi kazini, nnamjibu mteja, na hakuna anayecheka; wananitazama kwa huruma, wanachukua barua zao wanakwenda. Watoto wa mtaani wameonywa na mama zao, wakiniona wananiamkia na kupita ukutani. Jioni nnavaa kanzu nnatoka, nnazunguka mpaka magharibi, na sijui nnatafuta nini.

Juzi nimejua, na wewe tu ndiye nitakayemwambia. Nnamtafuta yeye. Mimi nimekuwa nikimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na kwa miaka ile hakupatikana mtu mwengine duniani aliyenitazama kama yeye. Alijua bega gani langu limeshuka. Alijua kuwa nikitaka kumpa mtu khabari mbaya nnajikohoza, na nikitaka kumpa khabari njema nnaigusa miwani. Mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipomsikia redioni. Ndiyo, dada, nilikuwa nnamsikiliza. Nikiufunga mlango nnamsikiliza kila wiki, nikiwa nimekasirika, na wiki asipomtoa Bwana Kwahakika nilikuwa nnalala na unyonge. Sasa nnatembea mji mzima na hakuna anayeniangalia nnavyotembea. Sikujua kuwa jambo hilo linaweza kumuuma mtu.

Kwa hivyo nnakuomba, usimwombee shari tena wala usimshangilie mbele ya watu. Kama alikuwa na deni kwangu, nshamwachia, mara hii kwa kukusudia.

Tunguu nimeshakwenda tena. Nnamchukulia Bi Khamisa sukari na tumbaku yake ya kutafuna, nnamweleza waliokuja dirishani na walichokitaka, naye ananisahihisha sauti. Mara ya mwisho aliniuliza mimi ni mtu wa nani. Nikamwambia wazazi wetu wametangulia, ila nna dada yangu Mombasa aliyenilea. Akasema nikulete, anataka kukusikia usemavyo, ajue hii sauti yangu imetoka kwako au ni yangu mwenyewe. Ile nadhiri yako sijamwambia. Ukija utamwambia wewe, au utakaa naye tu mkekani usimwambie kitu. Mimi nitakupokea bandarini, na siku hiyo nitaomba ruhusa kazini.

Nisalimie sana shemeji Masoud, umwambie ile kofia aliyoniagiza inashonwa. Wapapase watoto vichwa kwa niaba yangu. Ami anakusalimu, na wa nyumba ya chini pia. Jihadhari na goti, usipande ngazi bila ya lazima.

Kalamu naiweka, nnatoka kidogo kunyoosha miguu.

Ni mimi mdogo wako,
Msabah Ame