Mkwe Wangu na Waya wa Mashine

Gahanna, Jumamosi, 21 Februari 2015

Theluji inaanguka tangu alfajiri, barabara haionekani, nami nimeamka na hasira. Hasira yenyewe si ya theluji. Ni ya waya.

Nieleze kwa utaratibu. Katika nyumba hii ya mwanangu Ambakisye nina kazi moja tu: kusafisha mazulia kwa mashine ya kufyonza vumbi, ile inayosimama wima yenye mpini mrefu. Sikupewa kazi hiyo, niliidai. Ambakisye alitaka nipumzike. "Baba, umefundisha maisha yako yote, sasa kaa," alisema. Lakini mtu anayekaa tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni hana tofauti na mto wa kochi, na mimi sikupanda ndege kuja huku ughaibuni niwe mto wa kochi.

Mgongoni mwa mpini kuna kulabu mbili, moja juu, moja chini. Nimalizapo kazi huuzungusha waya hapo. Huanza kuukaza pale pale unapotokea kwenye mashine, kisha mzunguko kando ya mzunguko, bila kupandana, kama mistari ya daftari. Ukiuona, unajua aliyeufunga amepita shule.

Basi kila asubuhi naukuta umefungwa upya. Umelegea. Chini kabisa umeachiwa kitanzi kinachoning'inia kama soksi ya mtoto.

Mhalifu hakunisumbua kumtafuta. Ambakisye haigusi mashine, na mjukuu wangu Neema hakunji hata blanketi lake. Alibaki mmoja, mke wa mwanangu: Mama Neema.

Msomaji asiyetoka kwetu Tukuyu atauliza, si umwulize? Siwezi. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemezani ovyo, hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Huko nyumbani kuna uwanja na migomba ya kujificha. Hapa tuna sebule na jiko lililo wazi. Nikitaka kuingia jikoni nakohoa kwanza, naye akisikia anapisha. Jirani yetu Mkongo ameanza kuniletea tangawizi, anadhani nina kifua kibovu. Tukiwa na neno tunampa Neema alifikishe, hata kama sote watatu tuko mahali pamoja.

Lakini niliona haya kumtuma mtoto kwa jambo la waya. Kwa hiyo nilijibu kwa waya. Akilegeza, nakaza. Akilegeza tena, nakaza zaidi. Siku moja niliubana kwa kipande cha mpira, nikalala kwa amani. Kesho yake niliuona mpira ule kwenye nywele za Neema akienda shule.

Nilielewa hivi: ananiambia kazi yangu haifai. Akianza kwa kulegeza waya, atamalizia kwa kunirudisha kwenye kochi.

Leo asubuhi mashine imekufa.

Imekufa katikati ya sebule, ikaacha harufu ya mpira unaoungua. Ambakisye akatoka chumbani na mswaki mdomoni, akachomoa plagi ukutani, akainama. Pale chini, waya unapotokea kwenye mashine, ganda lilikuwa limepasuka na shaba ikionekana.

"Si nilisema, baba? Wewe pumzika. Nitanunua ile isiyo na waya, niwe nasafisha mwenyewe Jumapili."

Nikakaa kwenye kochi. Niliyaona maisha yangu yaliyobaki yote kwa mara moja: chai, dirisha, theluji, chakula cha jioni.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. Mama Neema alikuwa kwenye sinki, ametupa mgongo kama inavyopasa.

"Neema! Mwambie baba yako asinunue kitu. Mashine ni nzima, ni waya tu. Na mwambie babu kwamba waya ukikazwa pale chini unavunjika shingo. Ulishaanza kupasuka zamani. Ndiyo maana nilikuwa naulegeza."

Neema alikuwa anakula mkate. Akalifikisha neno kwa Kiingereza. Mimi huwa sisikii Kiingereza ndani ya nyumba. Akashusha pumzi, akaanza upya kwa Kiswahili, na kwa kuwa hajui lipi la kufikisha na lipi la kumeza, alifikisha yote.

"Babu, mama anasema ukikaza waya unakufa. Na kwenye gari alimwambia baba, mashine isife jamani, babu akikosa kazi atashinda anatusahihisha Kiswahili."

"Wewe Neema!"

"Si umesema nimwambie?"

Ambakisye alicheka mpaka dawa ya meno ikamrukia shati. Mimi sikucheka. Nilitafuta jibu kali, na nilipolitafuta nikagundua kwamba tayari nilikuwa nimemhesabia Neema makosa ya sentensi ile, na nilikuwa nasubiri amalize kutafuna.

Mama Neema alikuwa anasema kweli tupu.

"Sasa wewe," nilimwambia Ambakisye, "kwa nini hukunieleza habari ya waya?"

"Aliniambia nikwambie, baba. Nikawaza, nani atamfundisha mwalimu kufunga kamba? Nikanyamaza."

Alinyamaza, na waya ukaungua. Nilimwagiza alete bisibisi. Akafungua mgongo wa mashine, akakata kipande kilichopasuka, akaunga upya. Ilipochomekwa ikanguruma vizuri. Waya umepungua kama shibiri moja.

Ikabaki kuufunga.

"Neema, mwambie mama yako aangalie kama nafanya sawasawa."

Lakini ataangaliaje bila kunitazama? Mama Neema hakugeuka. Aliufungua kidogo mlango wa maikrowevu iliyo kando ya sinki, akausogeza huku na huku kama dereva anayeweka sawa kioo chake, na katika kioo cheusi cha mlango ule nikaona kwamba ananiona.

Nikaacha kitanzi pale chini. Iliniuma, sitaficha. Kisha kulabu ya juu, kulabu ya chini, tena juu, bila kukaza. Ilionekana kama kazi ya mtu anayekimbilia basi. Kwenye kioo kichwa kikaitikia: ndiyo.

Nikakitazama kioo, nikasema mwenyewe, bila kumpitia Neema:

"Ahsante, Mama Neema."

Bomba la sinki lilifungwa. Ambakisye alibaki na bisibisi hewani.

"Haya, baba," maikrowevu ikajibu. "Ila plagi umeiacha chini. Mtu atajikwaa."

Nikaiokota.

Sasa ni mchana, theluji bado inaanguka, nami nimeamua. Kuanzia leo, kwa habari za waya, mimi na mkwe wangu tutasemezana wenyewe. Mengine yote yaendelee kupitia kwa Neema.