Maji ya Tlawi Huchemka kwa Tisini na Tatu

Mwalimu Hamisi,

Alama zako zinabaki. Mkaguzi wa elimu kutoka mkoani alisema hivyo jana Jumatano, saa tano na dakika ishirini asubuhi, ndani ya maabara yako, mbele ya kidato cha nne chote. Nilikuwepo. Nilitazama saa kabla ya kumtazama yeye usoni, kama ulivyotufundisha. Maneno yake niliyaandika palepale: "Alama za marehemu zisiguswe. Lakini mimi nataka kuona na maji ya mlimani."

Hilo la mlima nitalifikia. Kwanza nikueleze tulivyofika hapo, maana ulituacha katikati ya muhula na hujui kilichofuata.

Siku hizi alama za darasani zinahesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Wiki mbili baada ya kukuzika, mkaguzi alikuja kuhakiki zile ulizoacha. Alifungua madaftari ya wanafunzi kwenye jaribio la kuchemsha maji. Karibu wote wameandika nyuzi tisini na tatu, na umewapa alama kamili. Wawili wameandika mia, kama kitabu kinavyosema, na umewapa sifuri. Mkaguzi akaandika pembeni kwa penseli: "Zifutwe."

Mimi nilikuwa Arusha, kazini gazetini. Nilipata barua ya ukurasa mmoja.

"Shikamoo kaka. Hunijui. Naitwa Basilisa, wa kidato cha nne, nyumbani ni hapahapa Tlawi, huku Mbulu. Mwalimu alisema wewe ndiye Bwana Mia. Alama za jaribio zikifutwa mimi sifiki kidato cha tano, maana hesabu zangu si nzuri na sayansi ndiyo ilikuwa inanibeba. Tafadhali njoo useme unachokijua."

Nilicheka kwanza. Sikujua kwamba jina hilo bado linatembea. Kisha nikaomba ruhusa ya siku nne.

Unakumbuka lilivyoanza, lakini nitaliandika, maana nimezoea kuandika hata yale ambayo msomaji anayajua. Tulikuwa kidato cha pili. Ukutani ulikuwa umebandika karatasi ya masharti yako kwa wino mweusi. Kila mmoja aandike kwa kalamu, na akikosea apige mstari mmoja ili kosa lisomeke. Atakayeosha vyombo vibaya akatwe alama, hata kama jibu lake ni sahihi. Kikundi kipate alama moja, ila yeyote katika kikundi aweze kusimamishwa na kuulizwa. Kazi ya shamba la majaribio, yale matuta yetu ya maharage, ipimwe kwa rula kila Jumatatu, mvua inyeshe isinyeshe. Na sharti ambalo hatukulielewa hadi lilipotupiga: asiyeona asiandike.

Siku hiyo jiko la mafuta ya taa lilikuwa linatoa moshi. Nilishika themometa, maji yakatokota, uzi wa zebaki ukasimama tisini na tatu. Nikangoja. Haukupanda. Nikaitikisa, nikaichovya tena, ukarudi palepale. Kitabu kilikuwa wazi mezani, kimeandikwa mia. Nikaandika mia. Nilimwona jirani yangu naye anaandika mia, na jirani yake vilevile. Hakuna aliyetaka kuwa mjinga peke yake.

Ulisoma majibu yetu umesimama. Ukanifikia mimi.

"Wewe mtoto wa Tlawi, umeona mia kwa macho yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Bwana wee! Basi una macho kuliko themometa. Kuanzia leo wewe ni Bwana Mia."

Darasa zima lilipewa sifuri, lakini mimi ndiye niliyebaki na jina. Niliitwa Bwana Mia bwenini, shambani, hata kanisani. Nilikuchukia kwa muda wa miezi miwili hivi. Nakuambia leo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nadhani ulikuwa unajua.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimsimulia mama, nikitegemea ataniunga mkono. Alikuwa anachochea moto chini ya chungu cha maharage yaliyokuwa jikoni tangu asubuhi. Akasema bila kugeuka: "Nilipokwenda kwa dada yako kule bondeni Magugu, maharage yaliiva kabla sijamaliza kuchambua mchicha. Huku yanakula mzigo wa kuni. Watu wanasema ni maji. Wengine wanasema ni kuni za huku. Muulize huyo mwalimu wako."

Nilikuuliza. Ulitutoa darasani wote, ukatupeleka juu ya kilima nyuma ya shule, mahali ambapo siku ya anga safi mlima Hanang unaonekana umesimama peke yake upande wa kusini. Ulituambia kwamba kwenu Pangani, kando ya bahari, maji huchemka kwa mia kweli. Kwamba hewa ina uzito, na sisi tumekaa juu, kwa hiyo hewa iliyotulalia ni pungufu. Maji yakikandamizwa kidogo, yanawahi kuchemka. Yakiwahi kuchemka, joto lake ni dogo, na maharage yanachelewa. Ukanyoosha mkono kuelekea Hanang. "Kule juu yanawahi zaidi. Kwa ngapi, sijui. Sijafika, siwezi kusema."

Mwalimu, nimeripoti mambo mengi tangu siku ile. Nimeona bendera zikipandishwa, nimeona vijiji vizima vikihamia kando ya barabara na watu wakibeba milango ya nyumba zao kichwani. Sijaona tena kitu kama kile. Chungu cha mama, mlima na bahari ambayo sijawahi kuiona vilishikana kwa dakika moja, nami nilikuwa nimesimama katikati na sifuri yangu. Nilihisi kichwa kinakuwa chepesi. Nilidhani ni hewa pungufu.

Sasa nirudi kwenye habari.

Nilifika shuleni Jumanne. Mama Zuhura, mkeo, alinipa ufunguo wa kabati la maabara. Yuko salama, anakula, na amekataa kuhamia Pangani kwa shemeji zake. Alisema, "Amelala hapa Mbulu, mimi niende wapi?" Aliniambia pia jambo moja: "Kuna sharti moja pale ukutani hakuna aliyewahi kulitumia. Alikuwa akilisikitikia."

Nilikwenda kulisoma. Liko mwisho, herufi ndogo kuliko zote: "Daftari la alama liko wazi kwa atakayeomba kuliona."

Nililisoma kila siku kwa miaka minne. Sikuomba. Hakuna aliyeomba. Sisi watoto wa huku tulifundishwa kumwamkia mkubwa kwa shikamoo na kusubiri atakachosema. Kumwambia mwalimu afungue daftari lake ingekuwa sawa na kumwambia avue viatu tuone soksi. Miaka yote hiyo wewe ulikuwa unatungoja.

Basi juzi niliomba. Nilisema kwa sauti, ingawa kabatini hapakuwa na mtu wa kunijibu: "Mwalimu, naomba kuliona daftari." Kisha nikafungua.

La zamani kabisa ni la mwaka ulipofika, mwanzo kabisa wa uhuru, kabla ya sisi. Ukurasa wa kwanza, jina la kwanza, juu ya majina ya wanafunzi: Hamisi, mwalimu. Jaribio: kuchemsha maji. Alama: sifuri. Maelezo, kwa mwandiko wako ulionyooka: "Aliona 93, akaandika 100. Akarudisha themometa tatu kwa barua kwamba ni mbovu. Zikarudishwa kwake: themometa ni nzima."

Nilikaa kwenye kiti chako. Sikulia, na wewe ungetaka niandike hivyo. Kila darasa ulilisimulia sifuri yangu, mzee, na yako ukaiweka mahali ambapo mtoto yeyote angeiona kwa kuomba mara moja. Kama ningeuliza nikiwa kidato cha pili, katika ile miezi miwili ya kukuchukia, ningekuta tuna alama moja.

Themometa zilikuwa chini ya daftari, zote tatu, ndani ya sanduku la mbao. Kila moja imefungwa kikaratasi kilichoandikwa "mbovu", na neno hilo limepigwa mstari mmoja. Linasomeka bado.

Jana saa nne mkaguzi alirudi kutoa uamuzi. Ni mtu wa makamo, mpole, si adui wa mtu. Alimsimamisha Basilisa.

"Binti, kitabu kinasema mia. Wewe umetoa wapi tisini na tatu?"

"Shikamoo mzee. Nimetoa kwenye sufuria."

"Kwa hiyo kitabu kinakosea?"

"Hapana mzee. Kitabu hakijafika Tlawi."

Darasa liliangua kicheko. Basilisa hakucheka. Mimi nilisimama, nikaamkia, nikajitaja kuwa Bwana Mia, nikaweka daftari la zamani mbele ya mkaguzi. Alisoma mstari wa kwanza. Akausoma tena huku akiufuata kwa kidole. Akavua miwani.

"Chemsheni," alisema.

Basilisa aliwasha jiko. Walichovya themometa tatu kwa pamoja, zile za vikaratasi. Vijana wote walisogea, hakuna aliyesukuma. Uzi wa kwanza ukasimama tisini na tatu. Wa pili, tisini na tatu. Wa tatu ulisitasita kidogo, na nilimsikia mtu nyuma yangu akisema taratibu, "Panda basi tukufukuze shule." Ukasimama na wenzake. Maji yalikuwa yanatokota kwa nguvu na mvuke ukigonga dirisha, na watu arobaini walikuwa wameikodolea macho sufuria ambayo mama zao huitazama kila siku. Mkaguzi alitoa kifutio mfukoni, akafuta neno lake la penseli yeye mwenyewe. Kisha akasema yale niliyoyaandika mwanzo.

Ameahidi kwamba akipata na kipimo cha mlimani ataandika taarifa, ili shule zote za huku juu zisahihishwe kwa kile wanachokiona. Safari ya Hanang uliyoipanga kila mwaka, na kila mwaka ikazuiwa na mvua, na mavuno, na mwisho na kifua chako, sasa ina tarehe. Kesho Ijumaa saa nane mchana lori la ushirika litatupeleka Katesh, chini ya mlima. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunaanza kupanda. Basilisa atabeba themometa, zote tatu za vikaratasi vyako, zimefungwa kwenye pamba. Mkaguzi anasema magoti yake hayamwamini, lakini atapanda. Mama Zuhura ametoa sufuria yako ndogo ya chai. Nitaibeba mimi.

Pumzika, mwalimu. Nakuahidi kwamba juu ya Hanang nitatazama saa kwanza, kisha uzi, kisha ndipo niandike. Jumapili saa tisa mchana nitakuwa kaburini kwako na barua hii. Nafasi hapo chini nimeiacha wazi, kwa kuwa leo ni Alhamisi na sijaona.

Mwanafunzi wako,
Bwana Mia

Maji ya Hanang, kileleni: nyuzi ........